Mistari Miwili Kwenye Vumbi la Pecos

Mapema mwaka 1786, nje ya kijiji cha Pecos, mashariki ya Santa Fe, gavana wa New Mexico, wakati huo koloni la Hispania, aliamuru ichorwe mistari miwili ardhini. Nyuma ya mstari mmoja walisimama walowezi wa Kihispania pamoja na wenyeji wa vijiji vya Wapueblo, na nyuma ya ule mwingine walisimama Wakomanche, wenyeji wapanda farasi walioshuka kutoka mbugani na farasi wao, ngozi za nyati, nyama na mafuta. Katikati uliachwa uwanja mtupu. Mwenye ngozi aliiweka pale, mwenye kisu akakiweka kando yake, wakakubaliana, kisha kila mmoja akachukua alichopata na kubaki upande wake.

Hakuna kuvuka.

Gavana huyo aliitwa Juan Bautista de Anza, na habari ya gulio lake imekuwa ikinirudia kwa wiki kadhaa, hasa nyakati ambazo nilitakiwa kufikiria mambo mengine. Mara ya kwanza niliisoma haraka nikadhani nimeielewa. Wakomanche walikuwa wameishambulia New Mexico kwa miongo mingi, wakichukua farasi, wakiua wanaume na kuteka wanawake na watoto, kwa hiyo nikaona ni jambo la akili kuwawekea mpaka. Niliporudi kuisoma kwa utulivu nikagundua kwamba nilikuwa nimeusoma mstari ule kwa upande wa pili. Gavana alikuwa akijaribu kuzuia fujo na dhuluma ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimefanywa gulioni, na sehemu kubwa ya dhuluma hizo ilikuwa ya watu wake mwenyewe.

Tangu hapo sijajua nimweke wapi mtu huyu.

## Ngozi, visu na lumbesa

Kabla gulio halijafunguliwa, Anza alitangaza bei. Alichukua orodha ya zamani ya mwaka 1754 na kuirekebisha katika vitu viwili ambavyo ndivyo vilivyobeba gulio zima: ngozi moja ya nyati sasa ilibadilishwa kwa visu viwili, na farasi wa kawaida kwa ngozi 13. Aliweka pia maofisa wa kusimamia. Siku ile Wakomanche waliuza zaidi ya ngozi 600, mizigo mingi ya nyama na mafuta, wanyama wachache wa kupanda na hata bunduki tatu, na kwa mujibu wa taarifa ya gavana mwenyewe wakaondoka wameridhika.

Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa kwa nini bei iliyotangazwa hadharani ni jambo kubwa. Bibi yangu aliuza mahindi kwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kichwa kinachofungwa kwa kamba hadi gunia linaonekana kama mtu aliyejitwika mzigo, na bei inabaki ileile ya gunia moja. Nakumbuka mikono ya mnunuzi ikiyashindilia mahindi kwa upole, kama anayemlaza mtoto, huku akimpigia bibi hadithi. Bibi alijua anaibiwa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia yule bwana kwamba gunia linaishia hapa.

Kwa hiyo nilipofika kwenye mistari ya Anza, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa furaha, na sikuiona aibu. Hatimaye kuna mwenye mamlaka aliyesimama gulioni akamwambia mnunuzi wa kwake: unaishia hapa.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili hivi. Kisha nikaanza kuuliza ilikuwaje hadi akafika pale.

## Watoto wawili wa waliouawa

Anza alizaliwa mwaka 1736 huko Fronteras, Sonora, kwenye ngome ya mpakani ambayo baba yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa nahodha wake. Mwaka 1740 Waapache, kabila jingine la wenyeji, walimuua baba huyo. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne. Alikua akawa askari kama baba yake, akawa nahodha wa ngome ya Tubac, akafungua njia ya nchi kavu hadi California mwaka 1774, na miaka miwili baadaye akawa amevusha familia za walowezi kupitia jangwa hadi Monterey. Mwaka 1777 aliteuliwa kuwa gavana wa New Mexico, akawasili Santa Fe mwishoni mwa mwaka uliofuata.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa vita. Agosti 1779 aliondoka na watu wapatao 600, wakiwemo walowezi na wenyeji washirika, na badala ya kupita njia iliyozoeleka akapanda kaskazini upande wa magharibi wa milima, ambako Waute na Waapache wa Jicarilla walijiunga naye. Alikuwa akimtafuta chifu wa Kikomanche ambaye Wahispania walimwita Cuerno Verde, yaani Pembe ya Kijani, kwa sababu ya kilemba cha pembe alichovaa vitani.

Alimkuta mwanzoni mwa Septemba, chini ya mlima ambao hadi leo unaitwa Greenhorn, katika jimbo la Colorado. Cuerno Verde alikuwa na watu kama 50 tu. Walishuka kwenye farasi wao, wakajikinga nyuma ya miili yao, wakapigana hadi mwisho. Alikufa yeye, mwanawe wa kwanza, makamanda wake wanne na mganga wake ambaye watu waliamini kwamba hafi.

Katika shajara yake Anza anasimulia jambo dogo ambalo limenikaa kuliko vita yenyewe: kwamba chifu yule alikuwa na kiburi kiasi kwamba hata bunduki yake hakuijaza mwenyewe, alijaziwa na wengine. Ukiisoma sentensi ile utaona dharau ndani yake, lakini utaona pia macho ya mtu aliyekuwa karibu sana, anayemtazama adui kwa makini ambayo hatuwapi watu tusiowaheshimu. Na gavana anaongeza sababu ya chuki ya Cuerno Verde: baba yake, aliyevaa kilemba cha pembe kama chake, aliuawa na Wahispania. Ilikuwa mwaka 1768, huko Ojo Caliente.

Hapo niliiweka chini simu nikatoka nje.

Mwana wa baba aliyeuawa na Waapache anaandika, kwa mkono uleule uliotia saini amri ya vita, kwamba adui yake alichukia kwa sababu baba yake aliuawa. Hasemi lolote kuhusu baba yake mwenyewe. Nimetafuta mahali ambapo ningeona amejiona kwenye kioo kile, nikakosa, na nadhani ningekuwa nadanganya nikimwandikia huzuni ambayo yeye hakuiandika.

## Walowezi wasiosikia

Katika Kiswahili neno mlowezi linatokana na kulowea, kukaa ugenini hadi ukawa wa hapo, lakini kwa msomaji wa Kenya neno hilo limekwisha kubeba maelfu ya ekari, nyumba ya mawe na watumishi. Wa New Mexico hawakuwa hivyo. Wengi wao walikuwa maskini wenye damu mchanganyiko, wenye kondoo, mashamba madogo kando ya mito na nyumba za udongo, na baadhi ya familia zilikuwa pale tangu mwisho wa karne ya 17. Walikuwa wamelowea kweli. Na walikuwa wabishi.

Anza aliwataka waache kuishi wakiwa wametawanyika, kila mmoja kando ya shamba lake, wakusanyike katika vijiji vyenye kuta ambavyo vingeweza kujilinda. Kwa hesabu za kijeshi alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu nyumba moja kando ya mto ilikuwa mwaliko kwa mshambuliaji. Lakini mkulima anayelala mbali na maji yake na mahindi yake anaijua hesabu nyingine. Aliposhikilia hata mji mkuu wenyewe upangwe upya upande wa pili wa mto, wakazi wa Santa Fe walichoka naye. Mwaka 1780 kundi lao lilifunga safari ndefu bila ruhusa hadi Arizpe, Sonora, kwa mkuu wake, Kamanda Mkuu Teodoro de Croix, kumshtaki. Croix aliwasikiliza. Mpango wa kuhamisha mji ukafa.

Miongoni mwa walioguswa na mipango hiyo walikuwa wajenizaro wa mtaa wa Analco. Hawa walikuwa watu wa makabila mbalimbali walionunuliwa au kutekwa wakiwa wadogo, wakalelewa kama watumishi katika nyumba za Wahispania, wakapewa majina ya Kikristo na lugha mpya, kisha wakaachwa wajitegemee wakiwa hawana tena kabila la kurudia. Serikali ilipenda kuwaweka mpakani wawe ngao. Kuna kitu kinachokera katika mpango wa kumchukua mtoto kwa watu wake, kumfanya wa kwako, halafu kumweka mbele ya mishale ya watu wake. Wao pia walilalamika, na sauti yao imo katika kumbukumbu kwa sababu hawakunyamaza.

Sehemu hii ya maisha ya Anza huwa inapitwa haraka, kwa sababu haina kilemba cha pembe wala moshi wa baruti. Mimi naiona ndiyo ufunguo. Mtu huyu alipenda watu wakae mahali palipopangwa. Ukuta, kijiji, mtaa, mstari. Nilianza kujiuliza kama mistari ya Pecos ilikuwa haki, au ilikuwa tabia yake tu ya kupanga watu, ambayo safari hii iliwafaa waliozoea kuonewa.

## Mzigo uliokataliwa Oraibi

Mwaka huohuo wa 1780 kulikuwa na ukame mkali magharibi, katika nchi ya Wahopi, watu ambao walikuwa wamekataa utawala wa Hispania na mapadri wake kwa miaka 100. Habari za njaa zilipofika Santa Fe, Anza aliona nafasi. Croix alikuwa amekataza kutumia nguvu, kwa hiyo gavana alikwenda mwenyewe Septemba na chakula, akiwa na wito: njooni mkae karibu na vijiji vya Rio Grande, mtakula.

Alichokikuta kilimtisha hata yeye. Miaka michache kabla, padri Silvestre Vélez de Escalante alikuwa amekadiria Wahopi 7,494. Anza aliandika kwamba wamebaki 798. Familia 40 hivi zilikuwa zimeshaondoka kutafuta hifadhi upande wa Wanavajo, kabila jirani, na badala ya hifadhi wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakatekwa.

Katika kijiji cha Oraibi alimpa chifu mzigo wa chakula juu ya farasi.

Chifu akaukataa.

Sababu aliyotoa ni kwamba hana cha kurudisha. Watu wake wanakufa kwa njaa, mgeni anamletea chakula mlangoni, naye anafikiria deni. Sisi tunasema mkono mtupu haulambwi, na mara nyingi tunausema msemo huo kwa kejeli, tukimlenga mwenye kutaka fadhila bila kutoa. Chifu wa Oraibi aliugeuza ukawa kinga. Alijua kwamba mtu akishakula cha mwenzake bila kurudisha, siku ya pili hawezi kumkatalia. Akasema kwamba ikiwa taifa lake limeandikiwa kwisha, waliobaki watafia majumbani mwao na katika dini yao, ila asiyeweza kuvumilia na anayetaka kwenda na gavana hatazuiwa. Wako waliokwenda.

Nimerudia ukurasa ule mara nyingi, na kila mara nashindwa kumlaumu hata mmoja. Gavana hakumlazimisha, na wako wengi katika cheo chake ambao wangefanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Lakini chakula chake kilikuwa na mstari wake ndani: huku ni njaa na uhuru, kule ni shibe na kengele ya kanisa. Mtu pekee katika habari hii yote aliyeuona mstari huo kabla haujachorwa ni yule mzee ambaye watoto wake walikuwa na njaa.

## Ng'ombe wa mto Colorado

Kuna jambo lingine ambalo nadhani lilikuwa kichwani mwa Anza pale Pecos, ingawa hii ni dhana yangu.

Alipokuwa akivusha watu kwenda California, alisaidiwa kuvuka mto Colorado na Waquechan, ambao Wahispania waliwaita Wayuma, na chifu wao aliyeitwa Salvador Palma. Walipatana. Mwaka 1776 Anza akampeleka Palma hadi jiji la Mexico, chifu akapewa nguo za heshima, na mapema mwaka 1777 akabatizwa katika kanisa kuu. Aliahidiwa zawadi na urafiki. Anza akaenda zake kuwa gavana kaskazini, na ahadi zikabaki mikononi mwa wengine.

Wengine hao walituma walowezi. Walifika na familia na mifugo, zawadi zikaja chache au hazikuja, na ng'ombe na farasi wakaingia katika mashamba na vichaka vilivyowalisha Waquechan. Julai 1781 Waquechan waliinuka. Zaidi ya watu 100 waliuawa, akiwemo padri Francisco Garcés, aliyewapenda watu wale kuliko wengi, na kapteni Fernando de Rivera y Moncada. Njia ambayo Anza aliifungua ikafungwa.

Lawama zikamwangukia yeye: kwamba alisifu urafiki wa Waquechan kupita kiasi. Felipe de Neve, aliyekuwa gavana wa California na baadaye akachukua nafasi ya Croix, hakumpenda na alitaka aondolewe New Mexico. Neve alifariki mwaka 1784, na Anza akabaki.

Kwa hiyo mtu aliyesimama Pecos mwaka 1786 alikuwa ameshaona kwamba amani inaweza kuharibiwa na ng'ombe asiye na mchungaji. Pale mtoni hakukuwa na mstari wala mtu wa kuulinda. Naamini, bila kuweza kuthibitisha, kwamba mistari ya gulio ilichorwa na mtu aliyekuwa akikumbuka mazao yaliyokanyagwa.

Ikiwa ni hivyo, basi sikukosea kabisa siku zile mbili za furaha.

## Shimo lililofukiwa

Kilichowaleta Wakomanche Pecos hakikuwa hofu ya Anza peke yake. Ndui ya 1780 na 1781 ilipita mbugani na vijijini bila kuchagua. Ilifyeka Wapueblo kwa maelfu na kuwapiga Wakomanche pia. Bidhaa zilikuwa adimu. Kule Texas, gavana Domingo Cabello alikuwa amefanya amani na Wakomanche wa mashariki mwaka 1785. Na mwezi Julai mwaka huo, Wakomanche 400 walitokea Taos, kijiji cha kaskazini mwa New Mexico, wakiomba amani.

Anza angeweza kuwapokea palepale. Badala yake akawaambia kwamba hatafanya amani na kikundi kimoja huku vingine vikipigana. Wapatane wote kwanza, wachague mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba yao. Lilikuwa sharti zito kwa watu ambao hawakuwa na desturi ya mkuu mmoja. Walikutana kando ya mto Arkansas, wakamchagua Ecueracapa. Chifu mmoja aliyepinga amani, Wahispania walimwita Toro Blanco, aliuawa na wenzake. Sharti la gavana lilikuwa na damu yake, na sidhani kama ilimnyima usingizi.

Februari 25, 1786, Ecueracapa aliingia Santa Fe, akashuka kwenye farasi mbele ya nyumba ya gavana na kumkumbatia.

Waliokasirika ni marafiki. Waute, waliopanda na Anza milimani mwaka 1779, walikuwepo, na viongozi wao Moara na Pinto wakamwambia wazi kwamba amewapendelea waasi kuliko watiifu. Walikataa kuvuta tumbaku ya gavana na kunywa kinywaji chake. Ilichukua saa kadhaa za maneno kuwatuliza, hadi Moara na Ecueracapa wakapatanishwa mbele ya gavana, wakabadilishana mavazi. Nimefurahi kwamba hasira yao imeandikwa. Mara nyingi amani ikipatikana, yule aliyekuwa upande wako tangu mwanzo anatarajiwa apige makofi tu.

Siku tatu baadaye, Pecos, Wakomanche walichimba shimo ardhini na kulifukia, vita ikazikwa humo. Anza alitoa fimbo yake ya mamlaka ikaonyeshwe kwa vikundi vilivyokuwa mbali. Na mmoja wa viongozi, Tosapoy, akamleta mbele kijana aliyeitwa Alejandro Martín, mzaliwa wa Santa Fe, aliyekuwa mateka wao kwa miaka 11.

Miaka 11. Nilijaribu kuwaza kijana yule alisimama nyuma ya mstari upi siku ya gulio, na kama miguu yake ilikubali.

## Walio nje

Amani ile ilidumu vizazi, na kwa sababu hiyo waandishi wengi humaliza hadithi hapo. Mimi ndipo niliposhindwa kulala.

Moja ya masharti ilikuwa kwamba Wakomanche waungane na Wahispania kuwapiga Waapache. Wanavajo nao walishurutishwa wakate urafiki wao na Waapache wa Gila, wakitishwa kwa kunyimwa biashara. Mwaka huohuo, Agosti, makamu wa mfalme Bernardo de Gálvez alitoa maelekezo kwa mpaka wote wa kaskazini, na ndani yake aliandika bila kuficha kwamba wenyeji wapewe vileo wavizoee, na wapewe bunduki ndefu na dhaifu ili ziharibike na wategemee kutengenezewa. Amani ikawa pia njia ya kumfanya mtu asiweze kuishi bila wewe. Anza hakuyaandika maelekezo hayo, lakini visu vyake, fimbo zake na zawadi zake zilikaa vizuri ndani yake.

Chifu wa Oraibi angeyatambua mara moja.

Wakomanche walipokwenda kupigana na Waapache walirudi na mateka, na mateka waliuzwa. Hivyo ndivyo wajenizaro walivyopatikana tangu zamani. Mistari miwili ilimlinda muuza ngozi dhidi ya mwenye kisu, na ilimlinda vizuri, lakini mtoto wa Kiapache aliyeletwa gulioni kwa kamba hakuwa nyuma ya mstari wa kwanza wala wa pili. Alikuwa pale katikati, kwenye uwanja wa bidhaa.

Sisemi Anza angeweza kufuta biashara hiyo kwa amri moja; ilikuwepo kabla hajazaliwa, na nyumba nyingi za Santa Fe zilikuwa na mtoto wa namna hiyo jikoni. Nasema tu kwamba nimekuwa nikikitazama kile kiwanja kama mahali pa haki, na kumbe nilikuwa sijatazama vyote vilivyowekwa juu yake.

Kuna pia suala la mwenye kuchora. Miaka 30 na zaidi kabla ya Anza, gavana mwingine wa New Mexico, Vélez Cachupín, alikwenda mwenyewe kwenye gulio la Taos, akakaa na Wakomanche, akavuta nao tumbaku, na kwa kipindi fulani kukawa na amani. Akaondoka. Desemba 1761, kaimu gavana Manuel Portillo Urrisola aliwashambulia Wakomanche waliokuja Taos kuzungumza, wakafa mamia. Ni ardhi ileile na mlima uleule, kimebadilika kiti tu. Ecueracapa lazima alizijua hadithi hizo alipomkumbatia Anza. Alimkumbatia hata hivyo, na baadaye akamtuma mwanawe akae na gavana ajifunze lugha na desturi za Wahispania. Sijui kama huo ni uaminifu au ni kumweka mtu wako ndani ya nyumba ya mwenzako ili usije ukashtukizwa. Labda kwa baba wa vita, mambo hayo mawili hayana tofauti.

## Nyumba za Wajupe

Mwaka 1787 tawi la Wakomanche walioitwa Wajupe, chini ya chifu wao Paruanarimuco, walimwomba gavana kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: wajengewe kijiji. Anza alipeleka wafanyakazi 30 kwenye mto Arkansas, pamoja na mtu wa kuwasimamia. Kijiji kikaitwa San Carlos. Hadi msimu wa mavuno nyumba 19 zilikuwa zimekamilika na nyingine zikiendelea kujengwa, na Wajupe wakahamia.

Nawaza furaha ya Anza. Walowezi wake mwenyewe walimkatalia kukaa penye kuta, wakamshtaki Arizpe, na sasa watu wa hema, waliozikwepa kuta zake maisha yao yote, wanaziomba wao. Hakupata muda wa kuifaidi. Mwaka huohuo alikabidhi ofisi kwa Fernando de la Concha, akarudi Sonora, akafariki Arizpe Desemba 19, 1788, akiwa na miaka 52.

San Carlos kiliisha kabla yake. Januari 1788 mwanamke mmoja, kipenzi cha chifu, alifariki ndani ya kijiji. Kwa desturi ya Wakomanche, mahali penye kifo cha namna hiyo hapakaliwi tena. Gavana mpya alijaribu kuwabembeleza wabaki, wakakataa. Wakafunga mizigo juu ya farasi, wakaelekea mbugani katikati ya baridi, wakaziacha zile nyumba 19 na nyingine ambazo kuta zake zilikuwa bado hazijaezekwa.